Ubao Hausikii Kidole: Hitilafu za Mguso katika Madarasa ya Migori na Homa Bay

Mwalimu akisema ubao umekufa, fundi anayeijua kazi yake humwuliza kwanza: umekufa vipi? Swali hilo huudhi, hasa darasa likiwa limejaa wanafunzi wa Gredi ya Saba wanaosubiri somo, lakini jibu lake ndilo lenye kazi yote. Ubao wa kugusa hugoma kwa namna nyingi. Kuna unaoonyesha picha safi na kukataa kidole kabisa. Kuna unaokubali kidole, ila wino unatokea shubiri nzima pembeni. Kuna unaojichorea wenyewe pasipo mtu karibu. Mwingine hukataa asubuhi na kukubali adhuhuri, na mwingine una ukanda mmoja tu, upana wa vidole viwili, ambao hauna habari hata ukiupapasa kutwa. Shuleni kasoro hizi zote huishia katika daftari la mali kwa jina moja, "mbovu", na hasara inaanzia hapo. Namna ubao unavyokosea ndiyo ushahidi mkuu wa kilichoharibika. Na mazingira ya kusini mwa Nyanza nchini Kenya, yaani Ziwa Victoria, jua la ikweta, vumbi la chaki na stima isiyotulia, huelekeza macho mahali ambapo kijitabu cha kiwandani hakipataji.

Skrini hazikuingia madarasani huku kwa mlango mmoja. Ahadi ya vipakatalishi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za uchaguzi wa 2013. Utekelezaji ulipoanza 2016 chini ya Mamlaka ya TEHAMA, shule za msingi za umma zilipewa tableti za wanafunzi, vifaa vya walimu, projekta na seva ndogo ya kuhifadhia masomo. Tangu Januari 2023, sekondari ya msingi ilipoanza ndani ya shule hizo hizo, haja ya skrini kubwa ya darasa zima imeongezeka. Ubao wa kugusa wenyewe mara nyingi huja kwa njia nyingine: mchango wa wazazi, zawadi ya wanafunzi wa zamani walioko Nairobi au ng'ambo, mfadhili wa kanisa, au shule ya kibinafsi inayotafuta cha kuonyesha siku ya wazazi. Matokeo ni kwamba shule mbili zinazopakana zinaweza kuwa na vifaa vinavyofanana kwa sura na vinavyotumia kanuni tofauti kabisa za kutambua mguso. Fundi aliyetengeneza kimoja akija kwa cha pili na dawa ile ile, ataharibu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua skrubu yoyote, ulizwe ubao: unajuaje kwamba umeguswa? Jaribio lake halihitaji zaidi ya kipande cha chaki. Kiguse ubaoni taratibu, pasipo kubonyeza. Ubao ukiitika, na hasa ukiitika kabla chaki haijafika usoni kabisa, unatumia mwanga: kuna miale isiyoonekana inayopita mbele ya kioo, nawe umeikata. Ukikataa mpaka uikandamize chaki, una ngozi mbili zilizoachana kidogo, na umeme hupita pale zinapokutana. Ukikataa chaki na kukubali kidole kitupu, unahisi chaji ya mwili. Ukikataa vyote viwili na kukubali kalamu yake peke yake, ni wa sumaku-umeme.

Kanuni hizi si ngeni. Skrini inayohisi chaji ya kidole ilielezwa na E. A. Johnson huko Malvern, Uingereza, mwaka 1965. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilikuwa na mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO IV, na skrini yake ilitambua kidole kwa miale ya infraredi iliyopangwa 16 kwa 16. Ubao wa ngozi mbili ulianza kuuzwa madarasani na kampuni ya SMART ya Kanada mwaka 1991, na ule wa kalamu ukaenea shuleni Uingereza kwa jina la Promethean. Huu wa kalamu ndio unaozikwa ukiwa hai mara nyingi kuliko zote. Ukifika shuleni kama msaada uliotumika, kalamu yake ikabaki Ulaya, kila atakayeupapasa kwa kidole ataapa kwamba ni mbovu, kumbe haukuumbwa kusikia kidole. Ukitundikwa kwenye ukuta wa mabati, chuma kilicho nyuma yake nacho chaweza kuivuruga kalamu, kishale kikatetemeka.

Lakini vifaa vikubwa vinavyouzwa leo, vile bapa kama televisheni, vingi ni vya mwanga, na hapa inafaa kukaa kidogo. Ukingo mmoja wa fremu una taa ndogo za infraredi, ukingo wa mkabala una vipokezi. Miale inayopita wima, kati ya ukingo wa chini na wa juu, huueleza ubao kidole kiko umbali gani kutoka kushoto. Miale ya mlalo hueleza kiko juu kiasi gani. Ukijua hilo tu, unaweza kusoma hitilafu kwa macho. Kitu kikiziba mahali pamoja kwenye ukingo wa chini, ukanda unaokosa habari utasimama wima juu ya mahali hapo. Kikiziba ukingo wa kulia au kushoto, ukanda utalala.

Sasa fikiria darasa lenye ubao mweusi ukutani na ubao wa kugusa pembeni yake. Kila dasta inapopita, vumbi jeupe huelea na kushuka, na linaposhuka hutua kwenye ukingo wa chini. Ndiyo maana katika madarasa yanayotumia chaki bado, na hayo ndiyo mengi, ukanda mfu wa wima ni wa kutarajiwa kuliko wa mlalo. Kuuthibitisha ni rahisi. Fungua programu yoyote ya kuchora, chagua wino mwembamba, vuta mistari ya mlalo kutoka ukingo hadi ukingo, mmoja chini ya mwingine, kama unayepiga mistari ya daftari. Mistari yote ikikatika mahali pamoja na mapengo yakapangana wima, shusha jicho moja kwa moja hadi ukingo wa chini. Hapo ndipo pa kufuta, kwa kitambaa laini kisicho na chaki, ubao ukiwa umezimwa, bila kunyunyiza maji juu ya fremu. Mistari ikirudi kuwa mizima, kazi imekwisha na hakuna aliyelipwa.

Isiporudi, tumia simu. Elekeza kamera ya mbele kwenye rimoti ya televisheni na ubonyeze kitufe. Ukiona nukta ya zambarau, kamera hiyo inaona infraredi. Kisha ipitishe taratibu mbele ya ukingo wa fremu, pazia zikiwa zimefungwa. Nukta moja ikikosekana kwenye safu, taa moja imekufa. Zikikosekana nyingi mfululizo, shaka ihamie kwenye kipande cha saketi au kiunganishi kilicholegea ndani ya kona. Huko mwalimu asiingie. Ila atakapompigia fundi simu atakuwa na cha kumweleza zaidi ya "mbovu", na fundi atajua abebe nini kabla ya kupanda matatu.

Kisha kuna wadudu wa ziwa. Anayeishi Mbita, Kendu Bay, Sori au Muhuru Bay hahitaji kuelezwa: huinuka majini kama nguzo za moshi, hasa mwezi unapoandama, na wakiona taa huja wote. Shule ya bweni yenye masomo ya jioni huwasha taa na kufungua madirisha kwa sababu ya joto, na skrini ya inchi 75 ni taa kubwa kuliko zote darasani. Mdudu anayetambaa juu ya kioo hukata miale kama kidole, na ubao hauwezi kumtofautisha na mwanafunzi mwenye mkono mdogo. Ukurasa unajifungua, mstari unajichora, mwalimu anasema una virusi. Asubuhi mizoga imejaa kwenye ukingo wa chini, na kinachofuata ni kanda mfu. Mbaya zaidi, vifaa vingi vya aina hii hujipima vinapowashwa na kuichukua miale iliyozibwa wakati huo kuwa ndiyo hali ya kawaida. Ukiuwasha kabla ya kufuta, umeufundisha kosa. Futa kwanza, kisha washa, na mtu yeyote asiuegemee mpaka uamke kabisa. Ni kejeli kidogo kwamba Mbita ndiko kuliko na kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, ilhali kijitabu cha ubao hakina hata mstari mmoja kuhusu mdudu.

Jua nalo lina kesi yake. Kaunti za Migori na Homa Bay ziko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi bila kuhama sana. Darasa lililojengwa madirisha yakiangalia kaskazini na kusini halipati shida kubwa. Lililogeuzwa hupigwa na jua la chini tangu saa mbili asubuhi, au kuanzia saa tisa alasiri, na jua limejaa infraredi. Vipokezi vikimulikwa hivyo haviioni tena miale yao, sawa na mtu anayetafuta tochi mchana. Dalili yake ni saa: hitilafu inayokuja na kuondoka kwa ratiba ya jua haitoki kwenye kompyuta. Tundika leso dirishani. Mguso ukirudi papo hapo, dawa ni pazia nzito au kuuhamishia ubao ukuta mwingine. Kununua kifaa kipya kutakupa hitilafu ile ile ikiwa na risiti mpya.

Ukuta wenyewe pia hutazamwa. Fremu ya mwanga inataka kunyooka. Ikikazwa kwa nguvu kwenye ukuta wa matofali usio sawa, hujipinda kidogo, na miale ikapita juu ya vipokezi. Kulegeza skrubu mbili na kuweka kipande cha mbao nyuma yake kumewahi kufufua vifaa vilivyokuwa vimeandikiwa barua ya kubadilishwa.

Tuje kwa kebo, maana hapa ndipo kesi nyingi zinapokufa bila kufika mahakamani. Watu huona picha ya kipakatalishi kwenye ubao na kuamini kwamba vimeunganishwa. Vimeunganishwa nusu. Picha inatoka kwenye kompyuta kwenda ubaoni kwa HDMI au VGA. Mguso unarudi kutoka ubaoni kwenda kwenye kompyuta kwa USB. Ni njia mbili tofauti, na uzima wa moja hausemi lolote kuhusu nyingine. Kwa hiyo picha safi isiyosikia kidole inataka swali la kwanza liwe juu ya ile kebo nyembamba yenye kichwa cha mraba kama ya printa. Huenda imechomoka, au panya wameitafuna. Huenda imeazimwa ofisini kuchapisha mtihani, jambo ambalo shuleni si la ajabu hata kidogo. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita 5, na darasa ambalo meza ya mwalimu iko mbali na ukuta wa mbele hulazimisha mafundi kuungaunga. Ikiunganishwa ndefu mno, kompyuta hutoa mlio wa kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, na mguso hufuata mlio huo.

Skrini bapa huongeza mtego mwingine. Nyingi zina matundu mawili au matatu ya USB ya mguso, na kila moja limefungwa na tundu lake la HDMI. Picha ikiingia kwa HDMI 2 na USB ikachomekwa kwenye tundu la HDMI 1, utapata picha bila mguso, na kila kebo ni nzima. Njia fupi ya kutenganisha lawama ni kurudi kwenye menyu ya ubao wenyewe, ile ya Android iliyo ndani yake. Mguso ukifanya kazi huko na kukataa kwenye kipakatalishi, fremu haina hatia. Ukikataa pande zote mbili, ubao ndio wenye neno.

Kuhusu wino unaotokea pembeni ya kidole, umbali wake husema mengi. Ukiwa sawa kila mahali, mathalani sentimita nne kushoto popote unapogusa, projekta imesogea. Imefungwa kwenye boriti chini ya mabati, upepo wa alasiri unaitikisa, na kila wiki inahama kidogo. Fanya upya ulinganishaji, zile alama za msalaba unazozigusa moja baada ya nyingine, na baada ya hapo kaza kishikio. Ulinganishaji pekee utadumu mpaka upepo ujao. Umbali ukiwa mdogo katikati na kukua kuelekea ukingoni, kuna mtu amebadilisha ukubwa wa picha au ameinyoosha kwa kitufe cha projekta. Na ukigusa ubao kishale kikaruka kwenye skrini ndogo ya kipakatalishi, hakuna kilichoharibika: kompyuta imetandaza skrini mbili na kuuhesabu mguso kuwa wa ile ndogo. Windows ina sehemu ya mipangilio ya kalamu na mguso ya kuiambia skrini ipi ndiyo inayoguswa. Kwenye vifaa vya zamani kuna pia suala la draiva. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na shule inayohamia toleo jipya ikiwa na ubao wa miaka kumi iliyopita itafute draiva yake kabla ya kuhama, si siku ya ukaguzi.

Stima ni mada ya peke yake. Laini rasmi ni volti 240, lakini shule iliyo mwisho wa laini haina uhakika wa kuipata hiyo kila saa, na eneo lenyewe huzalisha kidogo. Kituo cha umeme cha Gogo kwenye mto Kuja, Migori, kilijengwa kikiwa na uwezo wa megawati 2 tu. Juu ya hayo kuna radi: bonde la Ziwa Victoria ni mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani: mchana ngurumo hujengeka juu ya nchi kavu, usiku huhamia ziwani. Radi haihitaji kuipiga shule. Ikipiga laini mbali, msukumo husafiri kwa waya, na katika ubao wa kugusa kinachokufa mara nyingi si skrini bali saketi ndogo ya USB, inayotumia volti 5 na isiyo na ngozi ngumu. Kwa hiyo ubao ulioamka na picha nzuri asubuhi baada ya mvua kubwa, ukiwa kiziwi kabisa, umesema ulikoumia. Kuchomoa plagi wingu linapokusanyika, pamoja na kebo ya mtandao na ile ya projekta, ni bima ya bure. Kuzima kwa swichi ya ukutani pekee si sawa na kuchomoa.

Waya wa ardhini huleta hitilafu nyembamba zaidi. Simu iliyochomekwa kwenye chaja ya bei rahisi hujiandikia yenyewe. Tableti za wanafunzi na skrini zinazohisi chaji hufanya vivyo hivyo, maana zinapima umeme mdogo sana na kelele ya chaja inauzidi. Ukikigusa chuma cha fremu ukahisi mtekenyo vidoleni, waya wa ardhini haufanyi kazi, au kuna ekstenshoni ya pini mbili iliyouficha. Chomoa chaja ya kipakatalishi, fanya kazi kwa betri kwa muda mfupi. Mguso ukitulia, mshtakiwa ni umeme. Hapo aitwe fundi wa stima mwenye leseni aupime ule waya. Kuna wanaokata pini ya tatu ili plagi iingie popote. Huo ni uhalifu mdogo unaongoja mtoto mwenye mikono iliyolowa.

Inabaki habari ya nani atengeneze, na hapa katiba yenyewe imechora mpaka wa ajabu. Kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti, ilhali shule za msingi na za upili ni za serikali ya taifa. Kijana anayejifunza umeme katika chuo cha Awendo au Oyugis anaweza kukaa mwaka mzima umbali mfupi kutoka kwenye ubao mgonjwa asipate kuugusa, kwa sababu mali si ya mwajiri wa mwalimu wake. Kwa vifaa vilivyokwisha muda wa dhamana, mkataba wa kawaida kati ya chuo na shule ungetosha. Mengi ya niliyoyataja hapa ni kazi ya kitambaa, bisibisi na kipima volti. Kisiwani Mfangano, ambako skrini huvuka kwa boti na kurudi kwake dukani ni safari, ndiko pa kuanzia.

Kwenye ununuzi, tatizo limo ndani ya maelezo ya zabuni. Huandikwa inchi na mwangaza wa picha. Namna ya kuhisi mguso haiandikwi. Mkuu wa shule ya ufuoni anayejua habari za wadudu angeuliza kama fremu inaweza kufutwa bila kufunguliwa, kama ina kinga ya vumbi, kama kipande kimoja cha saketi kinauzwa Kisumu au lazima kitoke ng'ambo, na kama dhamana inagharimia usafiri wa fundi mpaka shuleni au inaishia mlangoni mwa muuzaji. Kisha anayeuza aje na kipande cha chaki auonyeshe ubao ukifanya kazi saa mbili asubuhi katika chumba kile kile utakamotundikwa.

Ubao ukishahukumiwa kweli, hauwezi kutupwa tu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 inataka kamati ya uondoaji, thamani na kumbukumbu, ndiyo maana vifaa vilivyokufa hukaa ukutani miaka. Kabla ya kufika kwenye kamati hiyo, itazamwe kilichokufa ni kipi. Fremu ya infraredi ya kuongezea juu ya skrini huuzwa peke yake kwa vipimo vya inchi, hufungwa kwa skrubu au gundi ya pande mbili na kuingia kwenye kompyuta kwa USB moja, na skrini ya zamani ikaendelea kutoa picha chini yake. Na pesa zikikosekana kwa muhula huu, kipanya kisicho na waya mkononi mwa mwalimu kitaendesha somo kwenye skrini ile ile, yeye akiwa amesimama nyuma ya darasa.